Oili ya Giaboksi katika Motokaa Kuukuu: Ibadilishwe au Iachwe?

Mwezi uliopita tulieleza juu ya oili ya injini, jinsi ya kuipima na wakati wa kuimwaga. Mwezi huu twataka kueleza juu ya oili nyingine ambayo wenye motokaa wengi huisahau kabisa, nayo ni oili ya giaboksi. Hasa twasema juu ya giaboksi ya otomatiki, yaani ile inayobadilisha gia yenyewe. Siku hizi motokaa nyingi zinazoingia Kenya kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika ni za namna hiyo, na mkulima aliyezoea pikapu yenye klachi ya mguu huichukua motokaa kama hiyo bila kufundishwa habari zake.

Fikiria Toyota Probox, ambayo utaiona katika skimu za Kinangop, za Ol Kalou na za Trans Nzoia kila asubuhi ikiwa imebeba mikebe ya maziwa. Motokaa hii ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyi biashara kupelekea vifaa vyao, na huko njia ni za lami. Sheria ya Kenya huruhusu motokaa iliyotumika kuingia nchini mpaka umri wake ufike miaka 8, kwa hiyo mara nyingi mkulima huipata ikiwa imefanya kazi miaka 7 kwa mwenyewe wa kwanza. Baadaye huku kwetu huzidishiwa mzigo, huchukua majani ya ng'ombe, viazi na watu, na hupanda milima katika matope. Si ajabu kukuta moja iliyokwenda kilomita 300,000. Injini yake yavuma vizuri bado, lakini ukimwuliza mwenyewe kama oili ya giaboksi imepata kubadilishwa hata mara moja, hajui.

Mtu kama huyo akimwendea fundi, mara nyingi huambiwa hivi: "Mzee, hiyo usiiguse. Ukitia oili mpya katika giaboksi ya zamani, itakufa." Naye hurudi nyumbani akaiacha. Neno hili limeenea sana katika gereji. Lina ukweli fulani ndani yake, lakini si ukweli wote, na wenye motokaa wengi wamepata hasara kwa kulishika bila kujua sababu yake. Giaboksi ikifa hakuna njia ya rahisi ya kuifufua. Kununua nyingine iliyotumika na kuifunga huweza kula bei ya ndama jike mzuri, na wakati huo wote maziwa yakaa nyumbani au yachukuliwa na mtu mwingine kwa malipo. Maziwa hayangoji. Kwa hiyo yafaa tulichunguze neno hili vizuri.

Katika giaboksi ya klachi ya mguu, kazi kubwa ya oili ni kulainisha meno ya gia. Katika giaboksi ya otomatiki oili ina kazi nne. Kwanza, ndiyo inayopokeza nguvu za injini. Kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kiitwacho konvata, ambacho ndani yake mna mfano wa feni mbili zinazotazamana. Feni ya kwanza huzungushwa na injini nayo huirusha oili. Oili hiyo huizungusha feni ya pili, na feni ya pili ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia na magurudumu. Pili, pampu huisukuma oili kwa nguvu katika vijia vyembamba ili ibane sahani za klachi zilizo ndani, na ndivyo gia inavyobadilika bila mkono wa mtu. Tatu, oili hulainisha. Nne, huchukua joto na kulipeleka penye rejeta lipoe.

Zile sahani za klachi zimebandikwa kitu mfano wa karatasi ngumu kilicholowa oili. Kila gia inapobadilika kitu hicho husagika kidogo sana, na unga wake huelea ndani ya oili. Tena joto huichosha oili yenyewe. Katika kazi ya kawaida oili hii huwa na joto la digrii 80 au 90 za sentigredi. Ikipanda mpaka 120 kwa sababu ya mzigo au matope, huzeeka upesi mno kuliko kawaida yake. Oili mpya ya motokaa nyingi ni nyekundu na yapitisha mwanga. Ikichoka huwa ya kahawia. Ikiungua huwa nyeusi, na harufu yake ni kama ugali ulioshika sufuria.

Sasa turudi kwa lile neno la fundi. Watu wengi hawaiangalii oili ya giaboksi mpaka motokaa iwaudhi. Miaka 5 au 6 hupita. Siku moja kwenye mlima injini yalia lakini motokaa haiendi sawasawa, yaani klachi za ndani zateleza. Ndipo mwenyewe hukimbia kununua oili mpya. Juma moja baadaye motokaa husimama kabisa, naye husema oili mpya imeiua. Lakini sahani zilikuwa zimekwisha kabla hajafungua kopo. Ni sawasawa na mtu anayemwita daktari wa mifugo wakati ng'ombe amelala chini siku ya tatu kwa ndigana, kisha ng'ombe akifa husema sindano ndiyo iliyomwua.

Hata hivyo fundi hasemi uwongo mtupu. Katika giaboksi iliyochakaa sana, ule unga uliomo katika oili chafu huzisaidia sahani zilizokwisha kushikana kidogo, na oili mpya ikiingia msaada huo huondoka. Tena oili mpya ina dawa ya kusafisha, nayo yaweza kubandua uchafu ulioganda chini na kuupeleka katika vijia vyembamba, ukaziba. Hatari hii huzidi pale inapotumiwa mashine inayosukuma oili yote ya zamani itoke kwa mara moja. Mashine hiyo yaifaa motokaa ambayo oili yake imebadilishwa kwa wakati wake siku zote. Kwa motokaa yenye kilomita 250,000 ambayo haijapata kubadilishwa, sisi twaona isitumiwe.

Basi shauri letu ni hili: usiogope kubadilisha oili, wala usiibadilishe kwa kubahatisha. Kwanza ipime na kuitazama, kisha uamue.

Upimaji wa oili hii si kama wa oili ya injini, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Oili ya giaboksi ya Toyota yenye kijiti hupimwa injini ikiwa inanguruma polepole, motokaa imesimama mahali sawa, na baada ya kuiendesha kilomita kama 15 ili oili ipate joto. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, peleka mkono wa gia polepole kutoka P mpaka L na kuurudisha P. Kisha toa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukitoe tena na kukisoma. Kijiti kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Oili ikiwa na joto la digrii 70 mpaka 80, soma ile ya moto. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa na klachi huteleza. Ikizidi, gia huipiga ikatoa povu, na povu halina nguvu ya kubana kitu. Kwa hiyo usifikiri kwamba kuongeza nusu lita zaidi ni kuiongezea giaboksi afya.

Baada ya kuona kipimo, dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Tone likiwa jekundu au la kahawia kidogo, lisilo na harufu ya kuungua, giaboksi yako haina neno na waweza kubadilisha oili bila hofu, hata kama motokaa ni ya zamani. Likiwa la kahawia nzito lakini motokaa yabadilisha gia vizuri, badilisha, lakini kidogo kidogo kama tutakavyoeleza. Likiwa jeusi, lanuka kuungua, na motokaa yateleza mlimani, fundi wako amesema kweli: oili mpya haitaiponya. Usipoteze fedha yako katika makopo. Anza kuweka akiba ya giaboksi nyingine, na wakati huo punguza mzigo.

Kuna rangi moja ambayo yataka haraka. Tone likifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Katika motokaa nyingi oili ya giaboksi hupozwa katika kibomba kilichomo ndani ya rejeta yenyewe, na kibomba hicho kikitoboka, maji na oili huchanganyika. Maji huibandua ile karatasi ya sahani. Izime motokaa hapo hapo, usiende nayo hata sokoni, mpaka rejeta imetengenezwa na oili yote imeondolewa.

Jaribio jingine ni hili. Motokaa ikiwa imesimama na umekanyaga breki, injini ikinguruma polepole, toa gia kutoka N uweke D. Utasikia motokaa ikishtuka kidogo kuonyesha kwamba gia imeshika. Katika giaboksi nzima jambo hili halizidi sekunde moja na kitu. Ukihesabu sekunde 2 au 3 bila kusikia lolote, klachi zimechakaa au oili imepungua.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Mkulima mwenye spana na subira aweza kuifanya, ikiwa giaboksi yake ina kijiti cha kupimia. Zile zisizo na kijiti hupimwa kwa boliti ya pembeni na kwa joto maalumu la oili, na hizo zataka gereji yenye chombo cha kusoma joto hilo. Usijaribu nyumbani.

Chagua mahali sawa penye udongo mgumu. Motokaa iwe imetembea kidogo ili oili ipate uvuguvugu na kushuka vizuri, lakini isiwe moto wa kuunguza mkono. Tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo mazito au vyuma vya kuegemeza, kisha itikise uone kama imetulia. Ukishaingia, hakikisha kwamba boliti unayotaka kufungua ni ya giaboksi wala si ya injini. Zote mbili ziko chini na zakaribiana, na mtu mwenye haraka huweza kumwaga oili ya injini, kisha akajaza giaboksi mara mbili.

Oili ikitoka, iache idondoke mpaka matone yaishe, na uikinge katika chombo safi. Hapa kuna jambo kubwa kuliko yote: pima kiasi kilichotoka. Ukiwa umepima kijiti kwanza na kukikuta sawa, kisha zikatoka lita 3, rudisha lita 3. Ukifanya hivyo huwezi kupotea sana. Pachika boliti na washa mpya, uikaze kwa kiasi, kwa maana nyuzi za chuma chepesi huharibika upesi. Oili mpya hutiwa kupitia bomba la kile kijiti, kwa faneli nyembamba na iliyo safi kabisa. Punje moja ya mchanga katika injini ni jambo baya. Katika vijia vya giaboksi ni baya zaidi. Siku ya upepo na vumbi, ahirisha.

Utaona kwamba oili iliyotoka ni kama nusu tu ya oili yote iliyomo, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya konvata. Wengi huona hii ni kasoro. Kwa motokaa kuukuu ni faida, kwa kuwa giaboksi huizoea oili mpya kidogo kidogo. Tufanye hesabu. Tuseme giaboksi yako huchukua lita 6 na kila mara hutoka lita 3. Baada ya mara ya kwanza nusu ya oili ni mpya. Endesha motokaa kwa kazi ya kawaida juma moja au mawili, umwage tena lita 3: sasa robo tatu ni mpya. Ukirudia mara ya tatu, katika kila sehemu 8 za oili sehemu 7 ni mpya. Umetumia lita 9, na hukuishtua giaboksi hata siku moja. Gharama hugawanyika pia, na mkulima anayelipwa maziwa kila mwezi aweza kununua lita 3 leo na 3 nyingine baada ya malipo. Ikiwa baada ya mara ya kwanza motokaa imeanza kuteleza, simama hapo, ukamwone fundi kabla ya kununua zaidi.

Katika mara ya mwisho waweza kufungua sufuria ya chini ya giaboksi na kusafisha kichujio. Ndani ya sufuria hiyo mna sumaku ndogo. Ukikuta juu yake matope laini ya kijivu, usishtuke. Ni uchakavu wa kawaida, yapanguse. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, kuna kitu kimevunjika ndani.

Juu ya aina ya oili, hatuna mzaha. Muuza duka akikuambia "hii ni ya otomatiki zote", mshukuru na uendelee mbele. Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zataka oili iitwayo Type T-IV. Zilizokuja baadaye zataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Probox zilizotolewa tangu mwaka 2014 zina giaboksi ya namna nyingine iitwayo CVT, ambayo ndani yake mna mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, na oili yake ni ya peke yake kabisa. Ukiitilia oili ya otomatiki ya kawaida, utauharibu ule mkanda. Mara nyingi jina la oili limeandikwa juu ya kijiti chenyewe. Kipanguse na ukisome, kisha nenda dukani na jina hilo limeandikwa kwenye karatasi. Angalia pia kama kifuniko cha kopo hakijafunguliwa, maana wako watu wanaojaza oili mbovu katika makopo mazuri.

Ukishabadilisha, oili hiyo itadumu kadiri unavyoendesha. Adui yake mkubwa katika skimu zetu ni matope ya mwezi wa Aprili. Motokaa ikikwama, dereva huikanyaga magurudumu yakazunguka bure, kisha hutupa gia D, halafu R, halafu D tena, kabla magurudumu hayajasimama. Wakati huo konvata yachemsha oili kama chungu, na dakika chache za kazi hiyo hudhuru kuliko safari nyingi za lami. Ni heri ushuke, upunguze mikebe, utie mawe na matawi chini ya magurudumu, au umwombe jirani mwenye trekta. Akikuvuta, iwe ni kutoka matopeni tu. Kuvutwa safari ndefu magurudumu ya mbele yakizunguka huichoma giaboksi, kwa kuwa injini ikizimwa pampu ya oili haifanyi kazi. Hayo ya mbele yainuliwe, na katika motokaa inayoendesha magurudumu yote 4, yote yainuliwe. Kupanda mlima na mzigo, weka 2 au L mapema, kabla giaboksi haijaanza kuhangaika kupanda na kushuka gia. Kwa motokaa inayofanya kazi namna hii, twaona kilomita 40,000 ni wakati wa kutosha kabla ya kumwaga tena.

Wenye pikapu za klachi ya mguu wasidhani hawamo. Oili yao ni nzito, nyingi hutaka 75W-90 ya daraja la GL-4. Ile ya GL-5 si nzuri zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Nyingine huzila pete za shaba zinazosaidia gia kuingia. Na mwenye Massey Ferguson 135 akumbuke kwamba katika trekta hiyo oili ya giaboksi, ya ekseli na ya kunyanyulia jembe ni moja, karibu lita 30. Jembe likinyanyuka kwa kusitasita, au oili ikiwa na rangi ya maziwa baada ya mvua, chanzo chaweza kuwa huko. Ni oili nyingi na ghali, ndiyo sababu watu huiacha miaka mingi, lakini huwa imebeba maji na vumbi la mashamba yote uliyolima.

Mwisho, ile oili chafu uliyoimwaga. Usiikinge katika mkebe wa maziwa hata kama ni wa zamani, kwa maana harufu yake haitoki na siku moja mtoto atautumia. Usiimwage mtaroni wala karibu na kisima. Wako wanaoipaka ng'ombe kwa kufukuza kupe. Oili hii ina sumu, huunguza ngozi, na ng'ombe huilamba, nawe hunywa maziwa yake. Kupe wana dawa yao ya kuogeshea. Itie katika kopo lenye kifuniko, uandike juu yake, na uipeleke kwa gereji inayokusanya oili chafu siku utakapokwenda kununua lita 3 nyingine.